Nyumba ikiwa ni gari, msafiri ni nani?

 

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anatuhesabia neema ambayo wengi wetu tunaisoma na kuipita. Anataja kwanza nyumba zetu, kwamba amezijaalia kuwa mahali pa utulivu. Kisha, ndani ya aya hiyo hiyo, anataja nyumba za namna nyingine, zile zinazotengenezwa kwa ngozi za wanyama, ambazo watu huziona nyepesi siku wanayohama na siku wanayotua. Hizo ni hema, yaani nyumba zinazokwenda. Qur'an haikuzidharau wala haikuzifanya kuwa makazi ya watu waliokosa mbele na nyuma. Imetumia neno lile lile la nyumba, na imeziweka katika orodha moja na nyumba ya mawe.

Nimeitanguliza aya hiyo kwa sababu ya swali aliloniletea ndugu mmoja niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anaishi Marekani. Yeye na mkewe waliachana na nyumba ya kupanga, wakanunua gari la kuishi lililokwishatumika, wakapanda na watoto wao wawili. Wanauza manukato, nguo za stara, kofia na vitabu vya watoto. Wanakwenda kwenye magulio ya mwisho wa wiki, kwenye viwanja vya misikiti na kwenye mikutano mikubwa ya Waislamu kama ule wa ISNA unaofanyika mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Akaniuliza: "Maalim, huu mwaka wa pili naswali rakaa mbili mbili. Ramadhani iliyopita sikufunga yote. Mke wangu ananiambia sisi si wasafiri, sisi tuko nyumbani. Nani yuko sahihi?"

Nilipolipeleka swali hili darasani baada ya Maghrib, vijana walicheka kwanza. Kisha wakagawanyika, na mjadala ukaendelea mpaka adhana ya Isha. Nikaona linafaa kuandikwa, maana si la Marekani peke yake.

Huenda msomaji hajawahi kuliona gari la namna hiyo, basi nieleze kidogo. Kuna madogo yenye ukubwa wa Hiace na makubwa yanayofikia basi la mikoani, lakini ndani yake hamna viti vya abiria. Mna kitanda, jiko la gesi, friji, meza ya kulia chakula, bafu na choo. Kwa chini kuna matangi: la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la uchafu wa choo. Umeme hutoka kwenye betri zinazochajiwa na paneli za jua juu ya paa, au kwenye jenereta, au waya wa kuchomeka katika viwanja vya kulipia. Kampuni ya Winnebago ya Forest City, katika jimbo la Iowa, ilianza kuunda magari hayo mwaka 1966, na leo sehemu kubwa ya magari hayo hutengenezwa katika wilaya moja ya Elkhart, jimbo la Indiana.

Wanaoishi humo mwaka mzima si watu wa aina moja. Wapo wastaafu ambao majira ya baridi huteremka kusini, hasa Quartzsite, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona ambao miezi hiyo hujaa magari kila upande, na majira ya joto hupanda kaskazini kwenye ubaridi. Msomaji wa Suratu Quraysh anaijua safari hii, kwani makureshi nao walikuwa na msafara wao wa kipupwe kuelekea Yemen na wa kiangazi kuelekea Sham. Wapo vijana wanaofanya kazi za kompyuta kwa intaneti. Wapo mafundi, wauza kahawa, wachonga vito na wauza mitumba. Na wapo waliosukumwa. Katika msukosuko wa mikopo ya nyumba uliofikia kilele mwaka 2008, mamilioni ya Wamarekani walinyang'anywa nyumba walizokuwa wakizilipia kwa riba, na baadhi yao makazi yaliyobaki yakawa gari. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari za wazee wanaohama na magari yao kutoka kibarua hiki hadi kile katika kitabu chake cha mwaka 2017 kiitwacho Nomadland, na filamu iliyotokana na kitabu hicho ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Sasa turudi kwenye swala. Wengi wetu tunalijua somo la kupunguza kama tulivyofundishwa madrasa: Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili, Maghrib na Alfajiri zinabaki kama zilivyo, safari iwe ya kilomita 80 na kitu, na anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkazi na anaswali kamili. Hiyo ndiyo madhhab ya Imam Shafi inayofuatwa na wengi katika pwani yetu. Lakini somo hilo lina sharti jingine ambalo madrasa hulipita haraka, nalo ni kuwa msafiri awe anajua anakokwenda. Yule anayezurura tu, ambaye wanazuoni wamemwita haim, hapunguzi hata akitembea kutoka bahari hii mpaka ile. Katika wenye magari ya kuishi, wapo wengi wanaojisifu kwamba wanakwenda popote barabara itakapowafikisha. Mwenye kusema hivyo, kwa madhhab yetu, rakaa zake ni nne.

Huyu ndugu yetu hakuwa mzururaji, ana ratiba ya masoko. Kesi yake ni ya zamani kuliko injini. Wanazuoni waliizungumza kuhusu nahodha. Katika karne za mwanzo walikuwapo mabaharia walioishi ndani ya vyombo vyao pamoja na wake zao na watoto, jiko humo, kitanda humo, bila nyumba yoyote nchi kavu. Imam Ahmad bin Hanbal akasema baharia wa namna hii hapunguzi swala wala hafungui katika Ramadhani, kwa sababu hakuacha nyumba nyuma yake. Ibn Qudama ameitetea kauli hiyo katika kitabu chake al-Mughni. Imam Shafi yeye aliona kuwa anaruhusiwa kupunguza, kwani kwa hali yoyote ile anasafiri, lakini akasema lililo bora zaidi kwake ni kukamilisha. Ibn Taymiyya naye alizungumzia mabedui wanaohama kati ya malisho ya kipupwe na ya kiangazi. Alisema wanapokuwa njiani kutoka kambi hadi kambi wanapunguza, wakishatua na kupiga hema zao wanakamilisha.

Tazameni jinsi kauli hizi tatu, pamoja na kutofautiana kwake, zinavyoangalia jambo moja. Zote zinauliza mtu ameacha nini nyuma. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba safari ina fungu la adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akaagiza kuwa anayemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake (wameipokea Bukhari na Muslim). Ruhusa ya safari imejengwa juu ya mtu mwenye watu wa kurudia. Sasa huyu ambaye chakula chake kiko kwenye friji nyuma ya kiti, godoro lake ni lile lile la jana, na watu wake wamelala mita mbili kutoka kwenye usukani, arudi kwa nani?

Nilimjibu kuwa mkewe ameshika kauli yenye nguvu. Siku anayokata masafa kutoka mji hadi mji, akipunguza, yuko ndani ya ruhusa ya madhhab yake, ingawa kukamilisha ni bora. Siku anazokuwa ameegesha na kutandaza bidhaa, akiwa amenuia siku nne na zaidi, hakuna mjadala kwa Shafi: akamilishe. Na hapa kuna jambo la kuvutia. Katika ardhi nyingi za serikali kuu ya Marekani zinazosimamiwa kwa ajili ya umma, mtu huruhusiwa kupiga kambi bure kwa siku 14, kisha aondoke. Kwa Imam Abu Hanifa mkazi ni anayenuia siku 15. Kwa hiyo Mhanafi na Mshafi walioegesha ubavu kwa ubavu jangwani Arizona, mmoja ataswali Isha rakaa mbili na mwenzake nne kwa wiki zote mbili, na wote wako ndani ya dini. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Hata serikali ya Marekani, pamoja na uhuru wake wote, haikubali mtu aseme hana kwao. Mwenye kuishi barabarani lazima achague jimbo moja la leseni, bima, kura na kodi. Wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato, na hulipia ofisi ya kuwapokelea barua. Ikiwa katika mambo ya kodi mtu huyu ana anuani, inakuwaje mbele ya Mola wake awe mtu asiye na makazi?

Asije msomaji wa Ilala au Temeke akasema haya hayamhusu. Tunao ndugu zetu wa minada. Fuso imejaa ndoo, mabeseni, mitumba na magodoro, leo iko Msalato, kesho iko kwenye gulio jingine, na wenyewe wanalala juu ya mzigo chini ya turubai. Wengine wanakwenda na wake zao, na mtoto mchanga anajifunza kukaa kwenye marobota. Tunao madereva wa malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma mpaka Kasumbalesa, wenye kitanda nyuma ya kiti na jiko la mchina kwenye sanduku la chini ya tela. Dereva huyu ambaye mkewe na watoto wako Mbagala hana utata wowote. Ameacha nyumba, anayo ya kurudia, basi aichukue ruhusa kwa moyo mkunjufu, maana ni sadaka kutoka kwa Allah. Na akikwama kwenye foleni ya mpakani, kila siku akiambiwa atavuka kesho, madhhab ya Shafi inamruhusu kuendelea kupunguza mpaka siku 18. Wengi hawalijui hili. Wanaacha swala kabisa kwa kudhani siku ya tano imewakuta bila hukumu.

Lakini mwenye kubeba nyumba yake amebeba na mizigo ya nyumba, na swala ni mmoja tu kati ya mizigo hiyo.

Chukueni maji. Tangi la gari la kuishi lina kiasi chake, na likiisha mpaka ufike penye bomba. Wengine wakafanya haraka kutayamamu. Haisihi, ndugu zangu, ikiwa maji yapo na yanazidi ya kunywa na kupikia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Anayefungua bomba la msikitini likatiririka tangu kusukutua mpaka kuosha miguu angejifunza mengi akiishi wiki moja na tangi.

Na maji yanayotoka je? Lile tangi la uchafu lina vituo vyake maalumu vya kumwagia, na baadhi ya vituo hulipiwa. Wapo wanaofungua kizibo usiku kandoni mwa barabara. Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mambo mawili yanayomletea mtu laana, kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao (ameipokea Muslim). Tunapocheka habari ya Wamarekani tukumbuke na mabasi yetu yanavyosimama porini watu "wakachimba dawa" pale pale ambapo mama wa kijijini atapita asubuhi na ndoo kichwani. Tena katika Sahih Muslim mna agizo kwamba wanaotua usiku wajiepushe na njia yenyewe, kwani ni pito la wanyama na makimbilio ya wadudu. Malori mangapi mabovu yameachwa katikati ya barabara bila taa na kuua watu waliokuwa wanarudi nyumbani?

Kwenye mke na watoto ndipo nilipomshikilia zaidi mwenzangu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah (s.w.) ametaja wale tunaopaswa kuwafanyia wema, na miongoni mwao ni mwenza aliye ubavuni. Wafasiri wa mwanzo wamehitilafiana. Wapo waliosema ni mwenzako wa safari, na wapo waliosema ni mke. Katika gari la kuishi tafsiri hizo mbili zimekaa kwenye kiti kimoja. Mke ana haki ya makazi yanayomsitiri na kumtuliza, na mume aliyehamia barabarani kwa uamuzi wake peke yake, akamtaka mke aite hilo ni mapenzi, amechukua kisichokuwa chake. Amuulize, na amuulize tena baada ya miezi sita, maana aliyekubali mwezi wa kwanza huenda amechoka.

Watoto nao wanakua. Mtume (s.a.w.) ameagiza watenganishwe malazi wafikapo miaka kumi, na Suratun-Nuur, aya ya 58, inawafundisha watoto wa nyumbani kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Katika nyumba yenye urefu wa mita nane, hodi inabishwa wapi? Nilimwambia aweke pazia zito na kitanda cha kukunja, na mtoto afundishwe kugonga ubao kabla ya kulifungua pazia. Alicheka, lakini nadhani ameweka. Sheria za majimbo yote ya Marekani zinaruhusu mzazi kusomesha watoto nyumbani, kila jimbo kwa masharti yake, na watoto wake wanasoma asubuhi kabla ya biashara. Juzuu Amma wameimaliza wakiwa na baba yao.

Hapa niseme neno kwa wenye nyumba za matofali. Baba wa Chanika au Bunju anayetoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, akarudi saa nne usiku watoto wamelala, kwa sababu ya foleni na duka la Kariakoo, analijua jina la darasa la mwanawe kwa kusikia. Kilomita alizokwenda hazifiki za kupunguza swala. Lakini tukiuliza nani kati yake na yule wa Arizona aliyehama watu wake, mimi sina haraka ya kujibu kwa kumpendelea mwenye paa la bati.

Tuje kwenye biashara. Kufanya biashara safarini ni sunna ya waliotutangulia. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija, akifuatana na Maysara, na uaminifu ule wa njiani ndio uliomvuta Bibi Khadija. Katika Suratul-Muzzammil, aya ya 20, Allah (s.w.) amewataja wanaotembea katika ardhi wakitafuta fadhila zake, akawaweka jirani na wanaopigana katika njia yake, alipowahafifishia kisimamo cha usiku. Hicho si cheo kidogo kwa muuza manukato.

Tatizo la mfanyabiashara wa magurudumu ni kwamba kesho hayupo. Muuza duka wa Mtaa wa Kongo akikuuzia kitambaa chenye tundu, unarudi. Anakuona unakuja kwa mbali na moyo wake unajua. Mlango wake unamsaidia kuwa mwaminifu, hata kama taqwa yake ni nyembamba. Wa mnadani ukifika nyumbani ukafungua mfuko, Fuso imekwishavuka daraja. Sheria imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu ambayo hakuijua, na haki hiyo haifutwi na vumbi la gari la muuzaji. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevunyevu chini, hakukubali udhuru wa mvua, alimwambia muuzaji auweke juu uonekane, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yetu (ameipokea Muslim). Basi muuzaji wa njiani aonyeshe tundu kabla ya kupokea pesa, na aache namba ya simu inayopatikana. Mwenzangu ameiandika yake kwenye kila mfuko wa karatasi. Anasema katika mwaka wa kwanza walimpigia watu saba, wawili wakitaka kurudishiwa pesa, watano wakitaka chupa nyingine.

Vilevile majimbo mengi ya Marekani yana kodi yake ya mauzo, na muuzaji wa siku mbili anatakiwa ajiandikishe, aikusanye na aiwasilishe. Kodi hiyo mnunuzi ameitoa, ni amana mkononi mwa muuzaji. Anayevuka mpaka wa jimbo nayo mfukoni asijidanganye kwamba amekwepa dhulma ya serikali.

Lipo jambo la riba ambalo linaniuma. Wapo Waislamu walioacha kununua nyumba kule kwa kuogopa mkopo wa riba, na wakafanya vyema. Kisha mtu huyo huyo akaona gari la kuishi limeandikwa malipo ya mwezi kidogo, akatia saini. Mikopo ya magari haya huenda miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini, nayo ni riba kama ile ya nyumba, isipokuwa nyumba huenda ikapanda thamani na gari linashuka tangu siku linapotoka uwanjani. Gari linaoza, deni linabaki. Na kubwa lake halifikishi maili kumi kwa galoni moja mara nyingi, hivyo faida ya gulio inaweza kuishia kwenye tangi la mafuta. Mwenzangu alinunua lililotumika miaka kumi na mbili, kwa taslimu, na paa linavuja upande wa jikoni. Nilimpongeza kwa hilo paa.

Zaka ni fupi. Gari halitolewi zaka, ni makazi na chombo cha kazi. Bidhaa zilizomo ndani zinahesabiwa kwa bei ya soko mwaka wa Hijria unapotimia, pamoja na pesa taslimu, zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu zinatolewa asilimia mbili na nusu. Zitolewe kwa masikini wa pale mali ilipo siku hiyo, maana nao ni majirani zake.

Ijumaa inahitaji uangalifu zaidi. Aliyeegesha mjini kwa nia ya siku nne na zaidi, swala ya Ijumaa inamlazimu kama mwenyeji. Na kwa madhhab ya Shafi, ambaye Ijumaa inamlazimu haruhusiwi kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akijua ataiwahi njiani. Magulio mengi ya kule huanza Ijumaa alasiri au Jumamosi, na wachuuzi hupenda kuondoka Ijumaa asubuhi ili wapate nafasi nzuri. Aondoke Alhamisi. Wa mnada hali kadhalika, apange Ijumaa yake iangukie penye msikiti wa jamaa. Chalinze upo, Makambako upo, Tunduma upo.

Imebaki Ramadhani, na hapa ruhusa inakuwa nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Msafiri anaruhusiwa kufungua, na siku hizo ni deni. Imam Ramli, katika wanazuoni wa baadaye wa madhhab yetu, amemtoa katika ruhusa hiyo mtu ambaye safari yake haikatiki, kwa sababu kumruhusu kunapelekea faridha kuanguka moja kwa moja, labda awe amekusudia kulipa ndani ya hizo hizo safari. Wapo waliompinga, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami. Lakini anayesema atalipa na ataje mwezi. Shawwal yuko gulio gani, Rajab yuko jimbo gani, na siku zipi kati ya hizo atafunga? Aziandike kwenye kalenda ile ile anayoandikia masoko.

Kwa anayeuza nguo na manukato, wiki mbili za mwisho wa Ramadhani ndiyo msimu wenyewe, na sitegemei kuwa atazima gari. Basi aendeshe usiku baada ya futari na tarawehe, akisikia usingizi aegeshe, mchana atandaze bidhaa zake kivulini na auze hali amefunga, kama wanavyofunga wachuuzi wa Kariakoo wanaosimama juani kutwa nzima na kurudi Gongo la Mboto kwa daladala wakiwa na tende mfukoni.